Nyumba ya Unga na Mwenye Nyumba: Tusiige kwa Upofu

Katika matawi tunayoyapitia, neno moja limezidi kusemwa. Wananchi wamechoka na nyumba za unga. Wanazijua: mlango usiolala, vijana wanaoingia wazima na kutoka wakipepesuka, sufuria za mama zikiuzwa moja moja. Na wengi hutuambia, "Serikali na ifanye kama Marekani. Ikamate nyumba, imfunge mwenyewe, yaishe."

Sisi hatuwalaumu wasemao hivyo. Mama aliyemzika mwanawe haambiwi asubiri. Lakini hatukuingia katika chama ili tumwache bwana mmoja tukamwige mwingine. Ikiwa twataka sheria ya watu, yatupasa tuisome kwanza, mbele na nyuma.

Sheria ya Marekani ya nchi nzima ilitiwa sahihi na Rais Reagan mwezi Oktoba 1986, wakati kokeini ya vipande, ile ya kuvutwa, ilipokuwa ikiunguza miji yao. Sheria hiyo inawashika watu wa namna mbili. Wa kwanza ni yule anayefungua, kupangisha, kutumia au kuendesha mahali kwa kusudi la kutengeneza, kugawa au kutumia dawa za kulevya. Wa pili ni mwenye mahali, mpangaji, wakala au mwajiriwa ambaye, hali akijua, huwaachia wengine wafanye hayo, alipwe asilipwe. Adhabu ni kifungo kisichozidi miaka 20, na faini hadi dola 500,000 kwa mtu, au dola milioni 2 kwa kampuni. Majimbo nayo yana sheria zao. Michigan humwadhibu aendeshaye nyumba ya namna hiyo kwa kifungo kisichozidi miaka 2, au faini hadi dola 25,000, au vyote viwili.

Hiyo ndiyo sehemu inayosifiwa mabarazani. Isiyosemwa ni kwamba mshtakiwa naye ana ngao zake, na mzigo wa kuthibitisha ni wa Serikali.

Ngao ya kwanza ni kutojua. Asiyejua hana hatia, ingawa aliyefumba macho kwa makusudi asione huhesabiwa kuwa alijua. Ya pili ni kusudi. Mahakama zao nyingi zimesema kwamba mtu avutaye peke yake nyumbani kwake hajaifanya nyumba hiyo kuwa pango la dawa. Ya tatu ni kudumu. Mwaka 2007 Mahakama ya Juu ya Michigan ilisema kwamba kuendesha nyumba ya dawa sharti kuwe ni jambo la kuendelea kwa muda, wala si tukio la siku moja. Ya nne ni mamlaka: mgeni aliyepitia kunywa chai hana amri juu ya nyumba. Ya tano ni upekuzi. Askari wakivunja katiba yao kwa kuingia pasipo haki, walichokipata huweza kukataliwa mahakamani.

Hata hapo twaweza kusema, sheria ni kali lakini ina macho. Ubaya uliingia kwa mlango wa nyuma.

Mwaka 1988 Bunge lao liliagiza kwamba mikataba ya nyumba za umma, yaani zile wanazopangishwa maskini, iwe na sharti hili: mpangaji aweza kutolewa ikiwa yeye, mtu wa nyumbani mwake au mgeni wake ameshiriki katika mambo ya dawa. Huko Oakland, California, wakatakiwa kutoka wazee. Wawili walikuwa wanawake wazee ambao wajukuu zao walikutwa wakivuta bangi katika uwanja wa magari. Mwingine alikuwa mzee mlemavu wa miaka 75, ambaye mtu aliyekuwa akimtunza alikutwa na kokeini nyumbani humo. Wazee walisema hawakujua. Mwaka 2002 Mahakama ya Juu ya Marekani, majaji 8 bila hata mmoja kupinga, iliamua kwamba kutojua si kinga: sheria inaruhusu watolewe.

Tazameni basi, ndugu. Mwenye jumba la kifahari akishtakiwa atauliza, "Je, mmethibitisha kwamba nilijua?" Bibi maskini aliyepanga chumba cha Serikali hana swali hilo. Kwake kosa la mjukuu ni kosa lake.

Na mwenye nyumba yake naye hakusalimika. Mwaka 2014 huko Philadelphia, familia moja ilifungiwa nje ya nyumba yao kwa sababu kijana wao aliuza heroini ya dola 40. Wazazi hawakushtakiwa kwa kosa lolote. Kesi ilikuwa dhidi ya nyumba, kana kwamba matofali yana nia! Familia hiyo ilikwenda mahakamani pamoja na wengine, na mwaka 2018 mji ukakubali kuubadili mtindo huo na kulipa fidia.

Sisi tuliopita chuo cha ualimu twafahamu jambo hili. Mwalimu akilichapa darasa zima kwa kosa la mmoja, hapati nidhamu. Apata darasa linalomficha mkosaji, kwa kuwa asiye na kosa na mwenye kosa wamekwisha kuwa kitu kimoja. Mtaa nao ni vivyo hivyo. Bibi akijua kwamba kumtaja mjukuu wake ni kupoteza paa lake, atanyamaza, na muuzaji atastarehe chini ya kimya hicho.

Wala tusidhani kwamba kwetu hakuna sheria. Sheria ya Kenya ya mwaka 1994 ilimhesabu mkosaji mwenye nyumba, mkaaji au msimamizi aliyeruhusu nyumba itumiwe kwa dawa hizo. Neno "kuruhusu" ndilo la kushikwa kwa mikono miwili, maana halipo ruhusa pasipo kujua.

Kwa hiyo twasema hivi. Kwanza, anayejua na kula faida aadhibiwe vikali, hata awe mtu mkubwa, hata awe mwanachama. Tena hasa akiwa mwanachama. Pili, asiyejua asiguswe, wala nyumba yake isichukuliwe kabla hajasikilizwa mahakamani. Tatu, mwenye nyumba aliyekuja mwenyewe kutoa habari alindwe. Nne, nyumba ikifungwa, kijana mgonjwa wa unga apelekwe penye matibabu, asitupwe barabarani akahamie nyumba ya pili.

Na wajibu wetu wenyewe uko wapi? Mwanachama mwenye vyumba vya kupangisha na awajue wapangaji wake. Aandike mkataba, hata wa karatasi moja. Apite aone. Akisikia neno, amwonye mpangaji mbele ya mashahidi, aende kwa mjumbe na polisi, na aweke maandishi ya kwamba alikwenda. Siku ya hukumu karatasi hiyo yaweza kuwa mwanasheria wake. Lakini apokeaye kodi maradufu na kugeuza uso ukutani, huyo asije tawini kulia kwamba ameonewa.

Uhuru haukupiganiwa ili mlango wa maskini uvunjwe na askari wa rangi yake badala ya askari wa mkoloni. Ulipiganiwa ili mtu asiadhibiwe ila kwa kosa alilolitenda. Tukizifunga nyumba za unga na neno hilo tukalishika, tutakuwa tumeshinda mara mbili. Tukilitupa, tutakuwa tumehamisha unga tu kutoka mtaa hadi mtaa, na kumwacha bibi nje na godoro lake.