Usikimbilie ABS, alama ya kutoa ina kazi yake

Leo tuongee juu ya swali ambalo kila anayejulikana mtaani kuwa "mtu wa kompyuta" huulizwa: nitageuzaje namba hasi ziwe chanya kwenye lahajedwali? Jibu ni fupi, na kwa Excel na LibreOffice Calc ni lile lile. Kama namba iko seli ya A2, nenda B2 uandike =ABS(A2), kisha uburute fomula hadi chini. Kwisha.

Ila mimi naona wengi wanaouliza hawaihitaji ABS hata kidogo.

Chukua mfano wa duka la kanga hapa kisiwani, pale Biashara Street. Mauzo ya siku ni 12,000, halafu 8,500, halafu -1,500 kwa sababu mteja karudisha kanga akapewa pesa zake. Jumla ni 19,000. Pitisha ABS, jumla inakuwa 22,000. Angalia vizuri: tofauti si 1,500, ni 3,000, maana pesa iliyotoka sasa imehesabiwa kuwa imeingia. Jioni droo inafunguliwa, mna 19,000. Tajiri anaiamini kompyuta. Unadhani atakayeulizwa ni fomula, au ni kijana wa kaunta?

Kwenye ramani ni vichekesho zaidi. Mombasa iko kusini ya Ikweta, kwa hiyo latitudo zetu zote ni hasi. Fort Jesus, pale Mji wa Kale, ni kama -4.06, 39.68. Ukiona ile alama inakukera ukaiondoa, ngome waliyoijenga Wareno kati ya 1593 na 1596 inahamia kusini mwa Ethiopia, mbele ya Moyale. Digrii moja ya latitudo ni kama kilomita 111, kwa hiyo umeisafirisha kilomita 900 hivi kwa herufi tatu tu! Nairobi nayo itaangukia si mbali na Maralal. Eldoret haisogei, kwani tayari iko kaskazini ya Ikweta. Hapo ndipo ubaya ulipo: orodha yako ni nusu sawa nusu kosa, na kompyuta haikulalamika hata mara moja. Na kama umebandika majibu juu ya namba za mwanzo ukahifadhi faili, huwezi tena kujua ipi ilikuwa hasi.

Sasa ufanyeje? Inategemea unataka nini. Kama ni macho tu yanayosumbuliwa, usiguse namba, badilisha mwonekano wake. Kwenye mpangilio wa namba, Excel ina chaguo la kuonyesha namba hasi kwa rangi nyekundu bila alama ya kutoa. Ndani ya seli bado ni hasi, na jumla inabaki sahihi.

Kama taarifa ya benki inaandika matumizi kwa hasi nawe unataka safu ya matumizi iwe chanya, tumia =-A2. Hii inageuza pande zote mbili, kwa hiyo pesa uliyorudishiwa itatoka hasi na itapunguza matumizi, kama inavyotakiwa. Usiyetaka safu mpya, andika -1 kwenye seli tupu, inakili, chagua namba zako, nenda "Paste Special" uchague "Multiply". (Fanya hivyo kwenye nakala ya faili, tafadhali.)

Hata sisi waandishi wa programu ABS hutuchezea. Kwenye Java, ukiomba Math.abs ya int ndogo kuliko zote, -2147483648, unarudishiwa ile ile, hasi vile vile, maana chanya inaishia 2147483647.

Mahali pake halisi ni pale unapouliza ukubwa wa tofauti bila kujali upande. Umehesabu kanga kwenye rafu ukaziweka B2, daftari linasema C2, nawe unataka kuona palipopishana zaidi ya tano: =ABS(B2-C2)>5. Hapo itumie bila wasiwasi.