Namba ya kipuri si pambo

Leo nataka tuzungumzie kitu ambacho sisi tunaoandika programu huwa tunakiruka mbio mbio ili tufike kwenye msimbo: namba ya kipuri.

Ukienda Kirinyaga Road hapa Nairobi ukaomba beringi 6205, muuzaji hana haja ya kukuuliza ni ya mashine gani. Tundu lake ni milimita 25, kipenyo cha nje milimita 52, unene milimita 15. Inunue Mombasa ama Osaka, vipimo ni vile vile. Sasa omba 6305. Tundu ni lile lile la 25, lakini nje ni 62. Itaingia kwenye shafti vizuri kabisa, kisha ikatae kuingia mahali pake. Tarakimu moja tu imebadilika, na hiyo tarakimu imekuokoa kwa kukuambia mapema kwamba hiki ni kitu kingine.

Chukua kiwanda kinachotengeneza mashine za posho mill. Humo mna orodha mbili za vipuri. Ya kwanza ni ya injinia, inayotoka kwenye michoro: shafti, puli, beringi, nyundo za kusagia. Ya pili iko kwenye mfumo wa biashara, ule wa stoo, ununuzi na hesabu. Orodha hizi hazifanani, na hazipaswi kufanana. Injinia hachori grisi, rangi wala kreti ya kusafirishia, lakini stoo lazima ivinunue. Injinia anahesabu bolti moja moja, stoo inazinunua kwa boksi. Kinachoziunganisha ni namba ya kipuri. Namba ikidanganya, mifumo yote miwili itakubaliana juu ya uongo.

Mnadhani natia chumvi? Basi tuangalie kisa cha General Motors ya Marekani. Magari kama Chevrolet Cobalt na Saturn Ion yalifungwa suichi ya kuwashia iliyokuwa legelege. Shada la funguo likiwa zito, au goti likigonga ufunguo, suichi iliweza kujizungusha, injini ikazimika gari likiwa mwendoni, na mifuko ya hewa ya kuwakinga abiria isifunguke ajali ikitokea. Mwaka 2006 mhandisi aliyesimamia suichi hiyo aliidhinisha irekebishwe: pini ndefu zaidi, springi yenye nguvu zaidi. Marekebisho yenyewe yalikuwa mazuri. Lakini namba ya kipuri ilibaki ile ile.

Tazama kilichofuata kwa macho ya mtu wa hifadhidata. Suichi mbovu na suichi iliyorekebishwa zikawa rekodi moja. Wachunguzi wa kampuni waliona magari ya miaka ya mwanzo yana matatizo na ya baadaye hayana, wakashindwa kupata sababu, maana rekodi zilionyesha hakuna kilichobadilika. Kufikia 2013 tofauti ilikuwa imeanikwa katika kesi ya familia moja iliyofiwa huko Georgia, baada ya mtaalamu wa upande wao kulinganisha suichi za zamani na mpya zenye namba moja.

Magari yakaanza kuitwa yarudi Februari 2014. Mwezi uliofuata yakaongezwa mengine zaidi ya 800,000 huko Marekani, ya matoleo ya 2008 hadi 2011. Kwa nini hayo, ilhali suichi ilikuwa imesharekebishwa? Kwa sababu huenda mengine yalifanyiwa ukarabati kwa suichi za zamani zilizokuwa zimeshasambazwa, na namba haikuweza kusema ni yapi. Jumla ikafika karibu magari milioni 2.6. Mfuko wa fidia ulikubali madai ya vifo 124.

Tusidanganyane, namba haikuua mtu. Suichi mbovu ndiyo iliyoua, na kulikuwa na watu waliojua wakachelewa kusema. Mwaka 2015 kampuni ilikubali kulipa dola milioni 900 katika makubaliano na waendesha mashtaka wa serikali. Lakini namba ile ndiyo iliyowafunga macho hata waliokuwa wakitafuta kwa nia njema.

Wengine watasema dawa ni kununua programu zote kwa kampuni moja. Waulizeni Airbus. Ndege yao ya A380, yenye nyaya za urefu wa kilomita 530 hivi, ilichorwa kwa programu ya CATIA. Wahandisi wa Ujerumani na Uhispania walikuwa wakitumia toleo la 4, wale wa Ufaransa na Uingereza toleo la 5. Mabadiliko ya michoro hayakusafiri sawasawa baina yao. Ilipofika wakati wa kuunganisha ndege kule Toulouse, nyaya nyingine zilikuwa fupi. Shirika la kwanza lilikabidhiwa ndege yake Oktoba 2007, baada ya kuahirishwa mara kadhaa. Jina la programu lilikuwa moja, ukweli ukawa wawili.

Kwa hivyo, ukiitwa kuunganisha mifumo ya kiwanda, usikimbilie kuandika msimbo wa kuhamisha data kila usiku. Uliza kwanza nani ni mwenye taarifa ipi. Mchoro, vipimo na malighafi ni vya injinia. Bei, muuzaji na idadi iliyoko stoo ni vya biashara. Mfumo usio mwenyewe husoma tu, hauandiki.

Pili, weka jaribio la namba. Je, naweza kuchanganya kipuri kipya na cha zamani ndani ya kreti moja, nikatoa chochote bila kuangalia, na mashine ikafanya kazi vile vile? Kama jibu ni hapana, namba mpya.

Tatu, kwenye jedwali la vipuri, UPDATE ni amri ya kuogopwa. Tumia INSERT: rekodi mpya yenye toleo, tarehe ya kuanza kutumika, sababu, na namba ya mashine ya kwanza kuwekewa kipuri hicho. Ya zamani ibaki. Siku mteja wa Kitale akipiga simu kwamba shafti imekatika, utajua ni mashine gani nyingine 40 zina shafti kama hiyo.

Najua kwa nini watu hukwepa namba mpya. Ni kadi mpya ya stoo, bei mpya, barua kwa muuzaji, katalogi kuchapishwa upya. Hapo ndipo kazi yetu ilipo. Ikiwa mfumo tuliouandika unadai fomu saba na sahihi tatu ili namba moja izaliwe, injinia mwenye haraka atabadilisha kitu kimya kimya, na hatutakuwa na haki ya kumlaumu peke yake. Namba mpya iwe kitufe kimoja: nakili ya zamani, andika kilichobadilika, stoo na wanunuzi wapate ujumbe hapo hapo.

Muuza beringi wa Kirinyaga Road anakuamini kwa tarakimu nne tu. Je, mtu wa stoo anaweza kuiamini namba iliyotoka kwenye mfumo wako?