Hatia Isiyo Yake

Wazazi wengine huuliza kama inafaa binti wa sekondari asome hadithi za mauaji. Mimi nasema inategemea ni hadithi gani. Kipo kitabu kiitwacho Sadie, cha Courtney Summers wa Kanada, kilichotoka mwaka 2018 na kupata Tuzo ya Edgar ya vitabu vya vijana mwaka 2019.

Sadie ana miaka 19. Ndiye aliyemlea mdogo wake, Mattie, kwani mama yao alitawaliwa na dawa za kulevya na mwishowe akawatoroka. Mattie anauawa akiwa na miaka 13. Sadie anaondoka peke yake kumsaka muuaji, mwanamume aliyewahi kuishi na mama yao na kumnajisi Sadie alipokuwa mtoto.

Lakini kinachomtafuna zaidi ni hatia. Mama alipoondoka, Mattie alizama katika huzuni. Sadie akamwandikia kadi kwa jina la mama, kama iliyotoka Los Angeles, ili kumtia moyo. Mtoto akaamini, akatoka kumtafuta mama, akaangukia mikononi mwa muuaji. Tangu hapo Sadie anajihesabu kuwa ndiye aliyemwua.

Jambo hili ni la afya. Kijana aliyefiwa na ndugu mara nyingi hujihukumu: "Ningalimzuia! Ningalisema mapema!" Aliyenajisiwa naye hujiona mchafu, ingawa kosa lote ni la aliyemtenda. Hatia ikifungiwa moyoni hutokea mwilini: usingizi hupotea, chakula hakipiti, kichwa na tumbo huuma bila ugonjwa kuonekana. Wengine hutamani kufa.

Hapo sisi Wakatoliki huweza kukosea. Kijana akilia, upesi twamwambia, "Nenda ukaungame." Kitubio ni dawa ya dhambi. Lakini Kanisa lafundisha kwamba dhambi ya mauti yahitaji jambo zito, ufahamu kamili na hiari kamili. Sadie alidanganya, na uongo auungame kama uongo. Mauaji ni ya muuaji. Kumwacha msichana atubu damu ambayo hakuimwaga ni kumwongezea ugonjwa.

Kwa hiyo, mzazi, kisome kwanza wewe, maana kina mambo mazito. Kisha mpe binti yako aliyekwisha kukua, mkazungumze. Ukimwona amebadilika baada ya msiba, muulize kwa upole, umsikilize bila kumkatiza. Akisema anataka kufa, usimwache peke yake. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Akisema amenajisiwa, mwamini, mpeleke hospitali na polisi, yasimalizwe kifamilia.

Sadie alikuwa na jirani mzee aliyempenda kama bibi yake, lakini aliondoka bila kumweleza yaliyo moyoni. Binti yako asiondoke hivyo.