Mota Haina Hatia

Jumapili iliyopita, kwenye uwanja wa murram kule Kahawa West, rafiki yangu alitoa kwa begi mota mpya ya trak yake ya rimoti. Ilikuwa ya pili mwezi huo. Trak ilikuwa imekataa kusonga, mtu kwenye grupu la WhatsApp akamwambia, "Buda, hiyo ni mota imeenda," naye akatuma pesa. Mota ikafungwa, trak ikakataa tena. Akaamua ameuziwa feki, akanunua nyingine.

Nikamwomba abonyeze kidogo nisikie. Mota ililia vizuri kabisa, magurudumu yakiwa yametulia tuli. Sasa, mota ikilia, maana yake umeme umefika na mota inazunguka. Shida iko mbele yake, kwenye gia. Tulifungua kifuniko tukakuta gia ndogo ya kwenye mhimili wa mota inateleza. Kiskrubu kinachoibana kilikuwa kimelika. Kila alipobadilisha mota, alihamisha gia ileile na kiskrubu kilekile.

Hapo ndipo nina ugomvi na sisi wote. Kubahatisha tumekuita ufundi. Tunamlaani mekanika anayeitisha pesa ya spea kabla hajafungua boneti, halafu tunajifanyia hivyo hivyo wenyewe, na tunaona ni sawa kwa sababu "ni toy tu."

Si toy tu. Kile kigari cha bei ya chini kimefungwa ili kikifa ukitupe. Trak hizi za kipimo cha 1:10 zimeundwa zifunguliwe. Tamiya Hornet ilipotoka 1984 iliuzwa vipande vipande, uiunganishe mwenyewe. Traxxas Slash, iliyoingia sokoni 2008, unaweza kununua gia yake peke yake, au mkono mmoja wa gurudumu. Kununua kitu kama hicho halafu uogope alenki ni kama kulipa fee na usiingie darasani.

Na kupima ni bure. Mota iko kimya? Anza na betri, kisha viunganishi vya waya, kisha kile kidhibiti mwendo. Kama ni mota ya brashi, ichomoe uiguse moja kwa moja kwenye betri kwa sekunde moja: ikizunguka, iache, shida iko nyuma yake. Trak inavuta upande mmoja? Angalia trimu kwenye rimoti, kisha vyuma vya usukani, ndipo umshuku sevo. Gia zinasaga? Weka kipande cha karatasi kati ya meno, sukuma mota ikaze, funga skrubu, toa karatasi. Nafasi iliyobaki ndiyo inayotakiwa. Ukitoka kwenye matope, piga mswaki, kausha, zungusha kila gurudumu kwa mkono. Beringi iliyojaa mchanga utaisikia.

Mtu ataniambia hana time. Huyu wangu alikuwa na time ya kungoja boda mara mbili. Dakika kumi za kufungua kifuniko ndizo hakuwa nazo.

Kwa gia, kubahatisha kunakula pesa tu. Kwa betri za lithiamu mambo ni mengine. Seli moja ni volti 3.7, ikijaa ni 4.2, na ikishuka chini ya 3.0 huwa inaharibika. Bado kuna wasee wanachaji betri iliyovimba usiku kucha chini ya kitanda, kwa bedsitter yenye mlango mmoja, kwa sababu "ilichaji fiti jana." Betri iliyovimba haichajiwi tena, hata kama pesa hamna. Nzima nayo ichaji ukiwa macho, juu ya kigae au saruji, na ikikaa wiki bila kazi iache kwenye 3.8.

Kwa hivyo ombi langu kwa yule wa WhatsApp na wenzake: kabla ya kumwambia mtu kitu gani kimekufa, muulize anasikia nini, anaona nini, na amejaribu nini. Kama huna swali hata moja, nyamaza.

Rafiki yangu sasa ana mota tatu, zote nzima. Kiskrubu tulikipata siku hiyo hiyo, kwenye kopo la skrubu kuukuu za fundi wa redio hapo stage. Alikataa kutulipisha.