Mfuko wa Mama: Kabla ya kununua ordinateri ya michezo

Wiki iliyopita tuliongea juu ya minervali. Wiki hii tunagusa jambo ambalo wengi wetu tunawaachia watoto na mafundi: ordinateri ya kuchezea michezo. Tunaligusa kwa sababu pesa za likelemba yetu zimekwisha kuingia humo, na nusura zipotee.

Mama mmoja wa kikundi chetu alimwahidi kijana wake: ukifaulu Exetat, nitakununulia ile ordinateri unayoiomba. Kijana alifaulu. Zamu ya mama ya kupokea likelemba ilipofika, alikwenda dukani peke yake, ili kijana aikute tayari nyumbani. Alionyeshwa mashini yenye kioo ubavuni, taa nyekundu na za buluu, na stika iliyoandikwa i7. Aliambiwa hiyo ndiyo vijana wote wanatafuta. Alilipa, akapanda taksi, akafika nyumbani na furaha. Kijana akachomeka. Wakasikia mlio mmoja, pa! Halafu harufu ya plastiki inayoungua, halafu kimya. Muuzaji alisema garanti haihusu mambo ya umeme.

Jumamosi ile mama alikuja mkutanoni, akakaa bila kusema neno. Tulipojua sababu, tulibishana sana. Wengine walisema pesa za likelemba si za michezo. Wengine walisema mtoto aliahidiwa, na ahadi ni deni. Mwishowe tulikubaliana kwamba hatutamlaumu mwenzetu kwa kutojua kitu ambacho sisi wenyewe hatukijui. Tulimwita fundi, tukaweka mashini juu ya meza, akaifungua mbele yetu, nasi tukamwuliza maswali mpaka jioni. Haya ndiyo tuliyojifunza.

KILICHOUNGUA NA KILICHOKOSEKANA

Nyuma ya mashini, pale waya wa umeme unapoingia, kuna kisanduku cha chuma. Mafundi wanakiita alimantasyo. Kazi yake ni kupokea umeme wa ukutani na kuugawia kila kipande kwa kipimo chake. Alimantasyo nyingine, hasa za zamani na za bei ndogo, zina kifungo kidogo chekundu cha kusukuma kwa kidole. Upande mmoja kimeandikwa 115, upande mwingine 230. Namba 115 ni ya umeme wa nchi kama Marekani. Umeme wetu wa SNEL ni wa 220, kwa hiyo kifungo lazima kiwe kwenye 230. Cha mama kilikuwa kwenye 115. Kitu kisichozidi ukucha wa mtoto kiliunguza kazi ya miezi.

Bahati njema, alimantasyo iliungua peke yake. Fundi alipoweka nyingine, mashini iliwaka. Lakini hapo ndipo tulipopata habari ya pili. Stika ya i7 haikusema uongo: ndani mlikuwa kweli na i7, ila ilikuwa i7-2600, ya mwaka 2011. Na kadi ya picha, kile kipande kinachochora michezo kwenye kioo, haikuwamo kabisa. Mchezo wa mpira ambao kijana aliutaka, EA Sports FC 24, mrithi wa ule ulioitwa FIFA, unaomba kwa uchache prosesa kama i5-6600K, RAM ya giga 8, kadi ya picha kama GTX 1050 Ti yenye giga 4, na nafasi ya giga 100 kwenye diski. Basi hata kama isingeungua, mashini ile isingeweza kuucheza. Mama alikuwa amenunua taa.

TUIELEWE KAMA JIKO LETU

Prosesa ni mpishi. Ndiyo inayofikiri na kutoa amri. Namba zinazofuata i5 au i7 zinatuambia umri wake. Zikiwa nne, ya kwanza ndiyo kizazi: 2600 ni kizazi cha 2, 8500 ni kizazi cha 8. Zikiwa tano, tunasoma mbili za kwanza: 10400 ni kizazi cha 10. Kwa hiyo i5 ya kizazi cha 8 inaweza kuishinda i7 ya kizazi cha 2, kama msichana mwenye nguvu anavyomshinda bibi kutwanga, hata bibi awe na sifa namna gani.

RAM ni meza ya kukatia mboga. Meza ikiwa ndogo, mpishi anasimama kila mara kupanga vitu. Kwa michezo ya leo giga 8 ni mwanzo, giga 16 ni vizuri zaidi. Mbao mbili za giga 8 hufanya kazi haraka kuliko ubao mmoja wa giga 16. Na angalieni aina: DDR3 haiingii mahali pa DDR4, hata ukisukuma kwa nguvu. Utaivunja bure.

Diski ni stoo. Zipo za zamani zinazozunguka, na zipo za SSD ambazo hazina kitu kinachozunguka. Mashini ya zamani ikiwekewa SSD huwaka upesi mpaka mtu anafikiri imebadilishwa.

Kadi mama, ile mafundi wanayoiita karte mere, ni nyumba yenyewe. Vyote vinakaa juu yake, na ndiyo inayoamua nani anaweza kukaa na nani. Jina lake lilituchekesha, lakini tulilikubali.

Alimantasyo ni mbabula na makala yake. Ikiwa dhaifu, mpishi hodari hatakusaidia kitu, na ikilipuka inaweza kuondoka na chungu.

Kadi ya picha ndiyo hasa inayotofautisha mashini ya ofisi na mashini ya michezo. Taa, kioo na rangi havichezi mchezo wowote.

MWENYE PESA KIDOGO AANZIE WAPI?

Njia ambayo fundi alituonyesha, na ambayo tumeikubali, ni hii: mama asinunue mashini ya taa. Atafute mashini ya ofisi iliyokwisha kutumika, ya Dell, HP au Lenovo, zile nyeusi zisizo na urembo. Ofisi hununua nyingi kwa mara moja, na zikichoka nazo huziuza kwa jumla, ndiyo sababu bei yake hushuka. Atafute yenye i5 ya kizazi cha 8 au zaidi. Kuna sababu nyingine ya kuchagua kizazi hicho: Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 mwezi wa 10 mwaka 2025, na Windows 11 inazikubali rasmi prosesa za Intel kuanzia kizazi cha 8.

Achague ile ndefu, inayosimama kama mnara. Zile nyembamba ni nzuri mezani, lakini kadi za picha za kawaida haziingii. Zinataka kadi fupi za pekee, na hizo ni shida kuzipata.

Kisha, zamu nyingine ya likelemba ikifika, aongeze kadi ya picha. Hapa kuna jambo la kukumbuka. Mashini za ofisi zina alimantasyo ndogo, mara nyingi za wati 200 na kitu, na nyaya zake si za kawaida, kwa hiyo si rahisi kuibadilisha. Lakini mlango wa kadi mama unaoingiza kadi ya picha hutoa mpaka wati 75. Kadi kama GTX 1050 Ti na GTX 1650 zinatosheka na hizo 75, na nyingi kati yake hazihitaji waya wa ziada. Tufanye hesabu: prosesa wati 65, kadi wati 75, jumla 140. Alimantasyo ya 260 inabeba na inabaki na pumzi. Ila kadi inayodai waya wa ziada, mama aiache dukani, hata kama bei inavutia.

Wengine watauliza: kwa nini tusinunue ile ya kubebwa, ya kukunja? Ina faida kwetu, maana umeme ukikatika inaendelea na batri. Lakini ile yenye nguvu ya michezo ni ghali zaidi, na kadi yake ya picha huwezi kuibadilisha baadaye. Kwa mfuko mdogo unaojengwa kidogokidogo, mnara unashinda.

PALE DUKANI

Tumeandika maswali matano. Yakateni, muyaweke ndani ya mfuko wa pesa.

1. Washa, nione. Usilipe mashini iliyozimwa. Na kabla ya kuwasha, tazama nyuma: kuna kifungo chekundu? Kiko wapi?

2. Prosesa ni namba gani yote? Usikubali "ni i7" peke yake. Kwenye Windows, bonyeza pamoja Ctrl, mshale wa herufi kubwa, na Esc ile ya juu kushoto. Dirisha litafunguka, na sehemu inayoonyesha utendaji itakuambia prosesa, RAM, diski na kadi ya picha.

3. Kadi ya picha ni ipi, na ina giga ngapi? Hapa tuwe macho. Kuna kadi za zamani zilizobadilishwa majina ndani ili zijitangaze kuwa mpya, na ordinateri inadanganyika pamoja na sisi. Dawa yake ni kumwambia muuzaji afungue mchezo wenyewe na uchezwe nusu saa. Wakati huo sikiliza mlio wa feni, gusa ubavu, tazama kama picha inakatika.

4. Naweza kufungua ubavu nione ndani? Muuzaji mwenye kitu kizuri hataogopa.

5. Nipe fakture yenye namba za vipande vyote na siku za garanti. Neno la mdomoni limetugharimu tayari.

Na mama asiende peke yake. Aende na kijana, maana yeye anajua mchezo anaoutaka, na aende na mwenzake mmoja wa kikundi, maana yeye hana haraka ya kupenda.

GHARAMA ZISIZOANDIKWA KWENYE BEI

Kwanza umeme. Delestaji tunaijua. Hatari kubwa si kukatika, ni kurudi kwa ghafla na nguvu nyingi. Wekeni pembeni pesa ya stabilizatere nzuri, au ondilere kama mfuko unaruhusu, kabla ya kufikiria kadi kubwa zaidi. Umeme ukikatika, chomoeni. Ukirudi, ngojeni utulie.

Pili mega. Mchezo wa giga 100 hauna mzaha kwa mtu anayenunua mega za siku kwa siku. Ongeeni na mtoto mapema: mchezo utaingia kwa njia gani, na nani analipa? Yeye aliyeomba anaweza kuchapia watu kazi zao za shule na kuchangia.

Tatu vumbi. Kiangazi chetu kinajaza feni vumbi jekundu, na mashini inayokosa hewa inapata joto na kufa mapema. Ifunguliwe na kusafishwa kwa burashi laini, ikiwa imechomolewa.

Nne, wasichana. Mashini ikinunuliwa kwa pesa za mama, si ya kijana peke yake. Dada yake pia ana kazi za shule, na huenda naye anapenda kucheza. Iwekwe sebuleni, saa zigawanywe, na zijulikane na wote.

Kuna mama aliyesema mkutanoni kwamba haya si mambo yetu. Fundi alimwonyesha kadi mama: nyuzi zake ni za shaba, na baadhi ya vipande vidogo juu yake hutengenezwa kwa madini yanayotoka kwenye koltani. Vyote viwili vinatoka katika ardhi ya nchi hii. Vikirudi kwetu ndani ya kasha, tunayo haki ya kulifungua na kuuliza.

IMEISHIA WAPI?

Ile i7 ya zamani haitacheza mpira, lakini kuandika inaweza vizuri. Chama kilikuwa kinatafuta mashini ya kuandikia, tukaitathmini na fundi, tukainunua kwa mama kwa bei ya haki. Gazeti hili mnalolishika limeandikwa juu yake, na taa zake za buluu bado zinatuchekesha. Hakurudishiwa pesa zote, hilo tuseme kweli. Lakini kwa zile alizopata alinunua mnara mweusi wa ofisi, i5-8500, RAM giga 8. Safari hii alikwenda na kijana na mwenzetu mmoja, wakakaa dukani saa nzima. Kadi ya picha inangoja zamu yake ijayo. Kwa sasa kijana anacheza michezo midogo, na anachapia majirani barua zao.

Maswali ya kuzungumza kwenye kikundi:
1. Kitu gani kilinunuliwa nyumbani kwetu kwa sababu ya sura yake, na kilituletea nini?
2. Tunapoahidi mtoto zawadi kubwa, tunampa sehemu gani ya kuchangia?
3. Nani kati yetu anaweza kwenda na mwenzake dukani wiki hii?

Leteni majibu Jumamosi. Mungu awalinde, pamoja na watoto na akiba yenu.