NANI HANA MINYOO?

Kuna usemi humu kwetu ambao umenichosha: "Ah, minyoo! Kwani nani hana minyoo?" Hata mimi nilikuwa nikisema hivyo na kucheka, hadi mwaka jana mdogo wangu wa miaka mitano alipoanza kulia kwa maumivu ya tumbo.

Siku ya kwanza majirani walimshauri mama anunue dawa dukani. Siku ya pili tumbo lilifura kama ngoma, akatapika maji ya kijani na choo hakikutoka. Hospitalini alipigwa picha, akapasuliwa usiku uo huo. Daktari alitueleza kwamba minyoo ilikuwa imejisokota pamoja, ikaziba utumbo mwembamba. Tungengoja zaidi, utumbo ungekosa damu, ukaoza na kutoboka. Jamani, mtoto angekufa kwa kitu tunachokifanyia mzaha!

Tusidanganyane. Mnyoo huo wa mviringo unaweza kufika urefu wa sentimita 35, ukaishinda rula ya darasani. Jike mmoja huweza kutaga mayai 200,000 kwa siku. Mayai hutoka na kinyesi, hukomaa udongoni na kukaa humo hata miaka. Sisi huyameza kwa mikono michafu na matunda yasiyooshwa.

Wengine watasema, "Si serikali hutoa dawa?" Kweli, mwaka 2009 mpango wa kuwapa watoto dawa za minyoo shuleni ulianzishwa, nasi tulizimeza tukiwa shule ya msingi. Lakini dawa huua minyoo iliyo tumboni leo. Haimzuii mtu kumeza mayai kesho.

Sasa nitasema ukweli hata nikichukiwa. Bomba letu la maji liko karibu na afisi, mbali na vyoo. Wakati wa mapumziko mtu hutoka kiwanjani au chooni, huyo mbio hadi kwa mama wa maembe langoni, na mikono ni ile ile yenye udongo kwenye kucha. Mimi pia. Jioni nilikuwa nikimkatia mdogo wangu embe kwa mikono hiyo. Siwezi kuapa kwamba si mimi niliyemletea.

Nawaomba walimu wetu watuwekee mtungi wenye bomba na sabuni karibu na vyoo. Nasi wanafunzi tusingoje kusukumwa: kila darasa lipange zamu ya kuujaza. Tena, mtoto akifura tumbo, akitapika na kukosa choo, huyo si wa dukani, ni wa hospitali mara moja.

Wahenga walisema, mdharau mwiba mguu huota tende. Mdogo wangu amepona, lakini ana kovu tumboni. Kila nikimwogesha naliona. Ndiyo maana mimi sicheki tena.