Mtendewa Hana Kiti

Katika kila uovu ambao mtu humtendea mtu mwenziwe huwapo watu wawili: mtenda na mtendewa. Jambo hili ni wazi kama jua la mchana, wala halihitaji elimu kubwa kulijua. Lakini shauri linapofika mbele ya hakimu, mmoja wa wawili hao hutoweka. Jalada husema: Jamhuri dhidi ya fulani. Aliyevunjiwa nyumba, aliyekatwa kwa panga, aliyebakwa, na mjane wa aliyeuawa hawamo katika jina la kesi yao wenyewe. Mahali pao pameshikwa na dola; na wao, wakikumbukwa, huitwa mashahidi.

Hapana mwenye akili awezaye kuilaumu dola kwa kumshitaki mhalifu. Mashitaka yangaliachwa mikononi mwa kila mtu, mnyonge angalikuwa hana wa kumshitakia mwenye nguvu, na visasi vingalijaza makaburi. Lawama iliyopo ni nyingine. Dola ilipoyatwaa mashitaka, ilitwaa pamoja nayo haki ya mtendewa, kisha ikasahau kuirudisha. Mtendewa ni mwenye haki, si chombo cha ushahidi. Na msaada anaopewa si sadaka, ni deni.

Deni hili ni la kale. Sheria za Hammurabi wa Babeli, zilizochongwa katika jiwe yapata miaka 1750 kabla ya Kristo, ziliagiza kwamba mnyang'anyi asipokamatwa, mji na liwali wake wamlipe aliyenyang'anywa mali yake. Na kama roho ilipotea, watu wa marehemu walipwe fedha. Sheria ya Kiislamu, iliyofuatwa pwani ya Afrika Mashariki kwa karne nyingi, yaijua diya. Makabila mengi ya bara yalilipa ng'ombe kwa damu iliyomwagika. Desturi hizo zisisifiwe kupita kiasi. Mara nyingi fidia ya binti ilikwenda kwa baba yake, na mali ilinunua kimya cha aliyeumizwa. Basi haifai kurudi huko. Lakini wazee walijua neno moja ambalo vitabu vya sheria vilivyokuja baadaye vililififisha: kwamba uovu humwachia mtu jeraha, na jeraha lina mwenyewe.

Mwaka 1930 Tanganyika na Kenya zilipewa Kanuni za Adhabu zilizotungwa kwa mfano wa Kiingereza. Kwa mujibu wa fikira iliyozizaa, kosa la jinai ni kosa juu ya Mfalme na amani yake. Uhuru ulipokuja, Mfalme aliondoka na Jamhuri ikaketi katika kiti chake. Mtendewa alikuwa amesimama kabla ya uhuru, na baada ya uhuru alibaki amesimama.

Jambo la ajabu ni kuwa Tanzania yenyewe yajua namna ya kumpa mtendewa kiti. Katika Mahakama ya Mwanzo, aliyeibiwa kuku au aliyepigwa kofi husimama kwa jina lake kama mlalamikaji. Husema kwa Kiswahili, huleta mashahidi wake, na huwauliza maswali mashahidi wa mwenziwe. Mshitakiwa akiachiliwa, sheria humruhusu mlalamikaji kukata rufaa katika Mahakama ya Wilaya. Lakini jirani yake aliyepigwa risasi, ambaye shauri lake hupelekwa mahakama ya juu zaidi, hana ruhusa hiyo. Mashitaka ni ya Jamhuri na rufaa ni ya Mkurugenzi wa Mashitaka. Yeye huitwa, huapishwa, huulizwa, kisha huambiwa aende zake. Kumbe kadiri jeraha linavyozidi kuwa kubwa, ndivyo aliyejeruhiwa anavyozidi kuwa mdogo!

Mwaka 2019 sheria ya Tanzania iliruhusu makubaliano ya kukiri kosa, ambayo kwayo mwendesha mashitaka na mshitakiwa hupatana kabla ya hukumu. Je, mtendewa huulizwa? Sheria yasema ashauriwe yeye au mpelelezi, pale mazingira yanaporuhusu. Maneno hayo yapimwe vizuri. Neno "au" limemweka mtendewa na mpelelezi katika mizani moja, kana kwamba aliyeumizwa na aliyeandika habari za kuumizwa kwake ni kitu kimoja. Na "mazingira yanaporuhusu" ni mlango usio na komeo: afunguaye ni dola, na afungaye ni dola.

Wapo watakaopinga. Watasema kwamba mshitakiwa ni mtu asiye na hatia mpaka hatia ithibitike, naye tayari anapambana na dola nzima. Akiongezewa adui wa pili mahakamani, mizani italala upande mmoja. Hoja hii si ya kudharauliwa. Lakini mtendewa haombi kuwa mwendesha mashitaka wa pili, wala haombi kwamba shaka imdhuru mshitakiwa. Aomba kujua kesi itasikilizwa lini, kuarifiwa mshitakiwa anapopewa dhamana, kusema maumivu yake kabla ya adhabu kupangwa, na kulindwa asitishwe. Hakuna hata moja kati ya hayo limwondolealo mshitakiwa kinga yake.

Kenya imekwisha onyesha kuwa yawezekana. Katiba yake ya mwaka 2010 ililiagiza Bunge kutunga sheria ya kuwalinda waliotendewa makosa, na sheria hiyo ilipitishwa mwaka 2014. Yampa mtendewa haki ya kuhudhuria kesi, ya kutoa maoni yake katika mapatano ya kukiri kosa, na ya kupewa mkalimani na Serikali ikiwa haifahamu lugha ya mahakama. Mwaka 2020 Mahakama ya Juu ya Kenya iliamua kwamba mtendewa aweza kushiriki katika kesi kwa kinywa cha wakili wake, mradi asigeuke kuwa mwendesha mashitaka na asiharibu haki ya mshitakiwa. Kinachotakiwa sasa, Kenya na kwingineko, ni kuyatoa maneno hayo katika karatasi na kuyafikisha vijijini.

Tena fikira kwamba huruma kwa mtendewa ni ukali kwa mfungwa yakanushwa na maisha ya Margery Fry wa Uingereza. Mwanamke huyu alitumia sehemu kubwa ya umri wake kutetea wafungwa na kupinga adhabu ya kunyonga. Na ni yeye huyo huyo ambaye katika miaka ya 1950 alidai kwamba Serikali iwalipe fidia walioumizwa na wahalifu. Alifariki mwaka 1958 bila ya kuyaona matunda. New Zealand ilitunga sheria ya fidia hiyo mwaka 1963, na Uingereza ikafuata mwaka 1964. Moyo mmoja uliweza kuwabeba wawili. Kwa nini sheria isiweze?

Fidia ndiyo mahali ambapo maneno matamu huonekana ufukara wake. Sheria ya makosa ya kujamiiana ya Tanzania ya mwaka 1998 iliweka kifungo kisichopungua miaka 30 kwa mbakaji, na kuagiza pia amlipe fidia aliyembaka. Maneno mazuri. Lakini mtu asiye na shamba wala mshahara, aliyefungiwa miaka 30, atalipa kwa nini? Hukumu husomwa, fidia hutajwa, watu hutawanyika, na aliyetendewa hurudi nyumbani na tarakimu. Na huyo ana bahati, kwani mkosaji wake alikamatwa. Ambaye mkosaji wake hakujulikana hana hata tarakimu.

Umoja wa Mataifa uliliona jambo hili zamani. Tamko lake la tarehe 29 Novemba 1985 lasema kwamba mtu huhesabiwa kuwa ametendewa uovu hata kama mkosaji hakutambuliwa, hakukamatwa, wala hakuhukumiwa. Na kwamba pale mkosaji asipoweza kulipa, dola ijitahidi kuwalipa walioumizwa vibaya na jamaa za waliouawa. Watu husema Serikali haina fedha za kutosha. Basi na iulizwe: faini za wahalifu huenda wapi? Huenda katika hazina ya dola. Mtu huvunjwa mkono, mvunjaji hutozwa faini, na aliyevunjwa hujilipia hogo na nauli. Mfuko wa fidia ungaliweza kuanzishwa kwa sehemu ya faini hizo peke yake. Dola imemkataza raia kulipiza kisasi, nayo imekataza kwa haki. Lakini amfungaye mtu mikono hana budi kumlinda na kumlisha.

Mbali ya mahakama zipo huduma, nazo si za kubezwa. Polisi wa Tanzania wana Madawati ya Jinsia na Watoto. Baadhi ya hospitali, kama Amana ya Dar es Salaam na Mnazi Mmoja ya Unguja, zilifungua vituo viitwavyo Mkono kwa Mkono, ambamo tiba, ushauri na msaada wa polisi hupatikana mahali pamoja, ili aliyeumizwa asirudie kisa chake mlango hata mlango. Sheria ya msaada wa kisheria ya mwaka 2017 yampa asiye na uwezo njia ya kupata mtetezi. Lakini madawati hayo, kama jina lake lisemavyo, ni ya jinsia na watoto. Mlinzi aliyevunjwa mguu na majambazi, na watoto wakubwa wa mzee aliyeuawa, waende dawati lipi?

Na hata huduma iliyopo haimfai asiyejua kuwa ipo. Kwa aliyebakwa, dawa za kumkinga na Virusi vya Ukimwi hufaa zikianzwa kabla ya saa 72 kupita, na kila saa ipitayo hupunguza tumaini. Dawa ya dharura ya kuzuia mimba nayo ina ukomo wa siku 5. Ushahidi ulio mwilini hupotea kwa kuoga. Mambo haya yangalipasa kujulikana na kila mtu kama ijulikanavyo bei ya unga. Badala yake kinachojulikana ni fomu ya polisi nambari 3, iitwayo PF3. Kazi ya fomu hiyo ni kuandika majeraha kwa ajili ya ushahidi. Lakini katika fikira za watu wengi imekuwa cheti cha ruhusa ya kutibiwa, hata majeruhi hupitishwa kituoni huku damu inamtoka. Wakati huo huo wazee wa ukoo hukutana ili wayamalize nyumbani. Kikao kikiisha, saa 72 zimekwisha nazo.

Hapa ndipo wanazuoni wa lugha wasipoweza kunawa mikono. Mtu ambaye lugha haikumpa jina la haki si rahisi kupewa haki. Yatazamwe majina anayoitwa. Huitwa mhanga, lakini mhanga ni kafara, na ajitoaye mhanga hujitoa kwa hiari. Je, aliyenyang'anywa alijitoa kwa nani? Huitwa mwathirika, nalo ni neno lenye mnyambuliko wa -ik-, ambao huzungumza juu ya hali na kumficha mtenda. Kikombe kilichovunjika hakina mvunjaji, kilichovunjwa kinaye. Wakenya wamefanya vizuri zaidi kwa kusema mwathiriwa, maana katika -w- yule aliyetenda huanza kuonekana. Na mbaya kuliko yote ni kitenzi kunajisi, ambacho humtia unajisi mtoto asiye na kosa na kumwacha mwenye uchafu wake akitembea safi.

Kumbe neno lilikuwapo siku zote katika kinywa cha watu: mtenda akitendewa huhisi kaonewa. Mtendewa! Ni neno jepesi, lisilo na sadaka wala unajisi, nalo haliwezi kutamkwa bila ya kumwuliza mtu: ametendewa na nani? Mwaka 2021 sheria ya Tanzania ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Ni ushindi uliongojwa miaka mingi, na vyuo vikuu viliushangilia. Lakini kushangilia si kazi. Kazi ni kuhakikisha kwamba kila kituo cha polisi na kila zahanati ina ukurasa mmoja wa Kiswahili chepesi umwambiao mtendewa haki zake, aende wapi, na kabla ya saa ngapi. Kwa miaka mingi wanazuoni wamebishana juu ya majina ya viungo vya sentensi. Ukurasa huo mmoja ungaliweza kuandikwa kwa juma moja.

Kwa hiyo dai ni la mambo manne, na yote yawezekana. Tanzania itunge sheria moja ya haki za mtendewa, na mashauriano naye yawe wajibu bila ya kungoja mazingira yaruhusu. Uanzishwe mfuko wa fidia usiongoja mkosaji kupatikana. Dawati la msaada liwe la kila aliyetendewa uovu, awe mwanamke au mwanamume, mtoto au mzee. Na haki hizo zisemwe kwa maneno ambayo mchuuzi wa samaki ayasikia mara moja tu na kuyashika. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti; lakini mtendewa si maiti. Yu hai, ana kinywa, na kesi ni yake. Apewe kiti akae.